Nani Amekaa Kwenye Kiti Changu

Rajkot, India, 4 Julai 1999

Pius bwana,

Nimefika salama, ingawa begi moja bado linatalii huko lilikopelekwa. Hapa majirani wananiita Mwafrika. Kariakoo walikuwa wananiita Mhindi. Kumbe nimepanda ndege ili nibadilishiwe jina tu.

Chuo chenyewe cha kompyuta kiko juu ya duka la mafuta ya karanga. Mashine ni chache na wanafunzi tele, kwa hiyo tunakaa watatu kwa moja: mmoja anabonyeza, wawili wanamlaumu. Mjomba ninayeishi kwake ni mtu mwema, ila analala mapema na anataka dunia nzima ilale naye.

Wengine wameambiwa nimekuja kusoma. Wewe unajua nimekuja kwa sababu gani. Ulikuwepo siku ile baba alipochomoa waya wa video gemu yangu nikiwa katikati ya mashindano, akaiviringisha mashine kwenye kanga ya mama na kuifungia kabatini. Alisema mtu anayekufa mara tatu na kufufuka hawezi kujua thamani ya kitu chochote. Nami nikamjibu kwamba anayecheza gemu angalau anajua kuwa anacheza, si kama mtu anayekaa miaka nenda miaka rudi nyuma ya masufuria akidhani anaishi. Wiki hiyo hiyo tiketi ikakatwa. Basi na mimi nimeapa. Mama nitampigia simu, dada yangu Alpa nitamtumia kadi, lakini kwa baba siandiki mpaka alifungue lile kabati.

Hata hivyo nina ombi. Ukipita Mtaa wa Sikukuu, ingia dukani umwamkie. Usiseme nimekutuma. Kaa naye kidogo, mzungumze habari za mpira. Tangu niondoke nadhani hana wa kumgombeza, na kugombeza ndiyo mazoezi yake pekee.

Ni mimi niliyehamishwa,
Bhargav


Msimbazi, 30 Julai 1999

Mwafrika wa Rajkot,

Barua yako imenikuta kama ulivyoniacha, mzima na mwenye njaa. Bado nashika zamu kwenye ile internet kafe ya ghorofani, ambako tajiri wangu hulipa mshahara kwa ahadi.

Dukani nilikwenda Jumatatu. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akauliza nimetumwa na nani. Nikasema na miguu yangu. Akasema miguu hiyo ina adabu kuliko ya watu wengine anaowajua. Nadhani hapo ulitajwa.

Sasa sikia kioja. Nyuma ya masufuria kulikuwa na kompyuta mpya, imetoka Dubai, bado imo ndani ya boksi. Mzee alikuwa anaizunguka kama mtu aliyeletewa mbwa asiyemjua. Biashara imegeuka, Bhargav. Tangu milango ya nchi ifunguliwe kila kitu kinaingia, na machinga wanatandika ndoo za plastiki pale pale kizingitini pake, mteja hana haja ya kupanda ngazi kuuliza bei ya sufuria. Kuna mtu alimwambia pesa ya siku hizi iko kwenye mtandao. Akanunua, kisha akaogopa. Nikamfungulia boksi, nikaunganisha, nikamweleza habari za imeli. Akasema barua isiyo na stempu ni uvumi. Lakini kesho yake aliniita tena, na keshokutwa pia.

Kwa kifupi nimemwaga tajiri wa ahadi, sasa niko kwa baba yako kuanzia asubuhi. Mama yako hushusha chai ya tangawizi na zile chapati zake za uwatu, pamoja na achari ya maembe. Ninakaa kwenye kile kiti cha chuma karibu na feni, maana ndipo waya ulipoishia. Usiwe na wasiwasi, mzee wako hayuko mpweke.

Pius


Rajkot, 24 Agosti 1999

Pius,

Nimefurahi. Nimefurahi sana. Nimeandika mara mbili ili na mimi niamini.

Hebu nikuulize taratibu. Achari ya maembe ya mama huwekwa kwenye chupa kubwa, rafu ya juu kabisa, nyuma ya kopo la unga, ili nisiione. Mimi mwanawe nimekuwa nikiiiba kijiko kimoja kimoja tangu utotoni. Wewe unashushiwa ngazi nne hadi dukani? Na kile kiti cha karibu na feni si kiti cha waya, ni changu. Nimekikalia tangu miguu yangu haijafika chini. Hapo nilifanyia hesabu za shule huku baba akivutana na wateja, na akishinda mvutano alikuwa ananikonyeza. Hata wewe ulikuwa unajua. Ukija dukani ulikuwa unasimama.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo kompyuta. Niliiomba tangu kidato cha pili. Baba akasema ni televisheni iliyojifunza uongo. Nikamwambia kuna siku watu wataagiza mali wakiwa wamelala vitandani mwao, akaniambia nikanawe uso. Nimeondoka tu, boksi likafika. Yaani ilibidi nitolewe mimi ndipo yenyewe ipate nafasi? Na wa kuifungua akawa wewe, ambaye kwenye gemu ulikuwa unashindwa hata kuruka shimo la kwanza.

Mjomba hapa anasema wazazi wote wako hivyo, mtoto akiwa karibu wanamwona kelele, akiwa mbali wanamwona picha ya ukutani. Sijui. Mimi naona picha yangu imeshushwa na msumari umetundikiwa kofia ya mtu mwingine.

Nilikuomba ukamsalimie, bwana. Kuhamia sikukuomba.

Sijakasirika, nauliza tu. Anasemaje kuhusu mimi? Usinifiche.

Bhargav


Kariakoo, 2 Oktoba 1999

Ndugu yangu Bhargav,

Wakubwa wanasema mcheza kwao hutunzwa. Wewe ulicheza kwenu ukatunzwa tiketi ya ndege, sasa hasira unanimalizia mimi.

Kiti nimekihama. Nimetafuta waya mrefu, siku hizi nakalia kreti la soda upande wa mlangoni, na kiti chako kiko peke yake kinapigwa upepo wa bure. Achari nayo nimeacha. Hiyo sikuiacha kwa hiari, imekwisha.

Unauliza anasemaje kuhusu wewe. Hasemi. Anauliza. Nikisoma barua yako anangoja nimalize, halafu anataka kujua kama hali ya hewa huko ni nzuri. Namwambia ni nzuri. Mimi hata sijui, hujawahi kuandika habari za hali ya hewa.

Duka limekuwa na sura mbili. Mbele masufuria, nyuma kompyuta tatu, na madalali wa Kariakoo wanapanga foleni kuandikia watu wa Dubai. Jioni wanakuja wanafunzi kuchati na wasiowajua na kudanganyana umri. Wazazi nao wanakuja kuwavuta masikio, na mzee anawaunga mkono wazazi kwa sauti kubwa huku mkono wake ukipokea hela ya watoto. Juzi mama mmoja alisimama katikati ya duka akasema gemu zinawafundisha watoto ngumi. Mwanawe akamjibu kwamba ngumi amejifunzia nyumbani. Baba yako alicheka hadi akajifanya anakohoa.

Na habari yenyewe kubwa: kabati limefunguliwa. Mzee kwa mikono yake aliitoa mashine yako kwenye kanga, akaipangusa, akaiunganisha kwenye televisheni ndogo ya kona. Vijana wa mtaa wanaicheza. Uliapa utamwandikia siku hiyo. Imefika, mwandikie.

Lipo na jambo jingine, lakini mzee amenikataza nisiliseme, utaliona mwenyewe. Nitumie tu jina unalotumia kwenye ile programu ya kuchati, ile ambayo mtu akiwepo jina lake linawaka kidoti cha kijani.

Pius


Imeli kutoka Rajkot, 9 Novemba 1999

Pius,

Natumia imeli kwa sababu hasira haisubiri stempu.

Nilimpigia mama simu kumtakia heri ya Diwali. Akaniambia, tena huku anacheka, kwamba mwaka huu neno la kwanza umeandika wewe.

Labda hukujua unafanya nini. Ngoja nikueleze, ingawa tumekulia ngazi moja. Usiku wa Diwali mfanyabiashara wa kwetu huweka kitabu kipya cha hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wetu wa mali. Kinapakwa unga mwekundu wa kumkum, kinanyunyiziwa mchele na maua, na kabla tarakimu yoyote haijaingia, ukurasa wa kwanza unaandikwa maneno ya heri ya mwaka. Babu alimwandikisha baba. Baba ameniandikisha mimi tangu darasa la kwanza, mkono wake juu ya mkono wangu, na mwaka ambao nilichora vibaya hakufuta, alisema tutauza vibaya vibaya hivyo hivyo. Sasa nasikia kwenye kitambaa chekundu imewekwa kompyuta badala ya kitabu. Mama akaipaka kumkum juu ya kioo. Na aliyekaa mbele ya kibodi ni Pius wa Msimbazi, mwana wa Hyasinta, anayeimba kwaya kila Jumapili.

Anayeandika neno la kwanza ni mtoto wa nyumba. Si fundi, wala si rafiki wa mtoto wa nyumba. Kama mimi sipo, Alpa yupo, ana mikono miwili.

Kuhusu kabati usinichekeshe. Niliapa nitaandika siku atakaponifungulia mimi. Amelifungulia mtaa mzima. Saa hizi kuna mtoto wa watu ameshika pedi yangu ya gemu kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi, na baba yangu anamtazama tu.

Umekula kwetu, umefungua boksi langu, umekaa mahali pangu mbele ya mungu wangu. Umebakiza nini? Jina la kuchati ulilotaka ni bhargav_bongo. Chukua na hilo.

Bhargav


Imeli kutoka Kariakoo, 11 Novemba 1999

Bhargav,

Nimesoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikashindwa.

Sikuomba. Jioni ile nilipanda kwenu kufuata peremende na chakula, kama kila mwaka. Mzee akaniambia kaa. Nikasema mzee, mimi Mkatoliki kutoka Mbinga, mambo haya siyajui. Akasema kaa, kwa ile sauti yake unayoijua. Akawa ananielekeza herufi moja moja, nami nabonyeza, na mkono mwingine ulikuwa chini ya meza unafanya ishara ya msalaba. Chembe za mchele zikazama kwenye kibodi, herufi mbili zimekwama hadi leo. Kama nimefaidi, basi nimefaidi hasara. Kwa nini alinikalisha mimi sijui. Nilimwuliza, akasema hilo si swali langu.

Halafu nikwambie kitu, maana umeliita jambo kwa jina lake na mimi nitaliita. Wewe umeanza kunionea wivu mwezi wa nane mwaka huu. Mimi nimekuonea tangu darasa la tatu. Unakumbuka mpira uliovunja kioo cha gari la dokta pale Mchafukoge? Baba yako alikukimbiza ngazi zote nne, kandambili mkononi, mtaa mzima ukatoka kutazama. Aliyepiga ule mpira nilikuwa mimi. Nilikaa barazani nikingoja na wangu aje anikimbize. Baba yangu Augustino alikuwa ameshahamia kwa mke mwingine Tunduru, na mama alikuwa jikoni kwenu akikanda unga. Hakuna aliyetoka. Nilikuchukia siku ile, Bhargav. Wewe unalia, mimi nakuchukia.

Kwa hiyo ndiyo, baba yako akinifokea kwa sababu ya vumbi kwenye mausi, nafurahi. Nikienda nyumbani namwambia mama, leo mzee kanifokea, na mama anadhani nimechanganyikiwa. Ukitaka kukichukua na hicho, rudi ukichukue. Sitagombana nawe.

Ila mwandikie. Nimekuomba Oktoba, nakuomba tena.

Pius


Imeli kutoka Rajkot, 23 Novemba 1999

Pius,

Maneno matamu ya kandambili. Nilikaribia kukuomba radhi, nusura nianze kuandika. Kisha jana nikakufuma.

Ulidhani sioni? Tangu nikupe jina langu, kila siku saa kumi na mbili jioni ya huko, jina la baba, Chandu, linawaka kidoti cha kijani kwenye skrini hapa. Na kila siku kuna salamu. Sikujibu, nilikuwa nachungulia tu. Mara mambo vipi kijana. Mara umekula. Mara huko mvua ipo. Nikasema labda, nani ajuaye. Halafu ikaja hii: leo gari langu limemaliza mzunguko wa nne bila kugonga. Hapo ukajitoa mwenyewe. Baba yangu acheze gemu ya magari? Baba yangu aseme mambo vipi? Mtu ambaye tangu nizaliwe ananisemesha Kigujarati, na Kiswahili anakiweka dukani pamoja na masufuria?

Umekaa kwenye kiti changu, sasa umevaa na jina la baba yangu unanichezea kama katoto. Umeniulizia mvua. Mtu mzima unaniulizia mvua.

Kwa hiyo jana nilikujibu, na maneno yenyewe nayarudia hapa isije ikasemwa hukuelewa. Nilikwambia, Pius, toka kwenye hicho kiti, hapo si kwenu. Nilikwambia mtoto wa mpishi hata akipakwa kumkum hadi kisigino atabaki mtoto wa mpishi. Nikasema baba yangu ni mzee mjinga, anagawa heshima ya nyumba kwa yeyote anayejua kubonyeza, na mtu wa namna hiyo sina haja ya kumwita baba. Kidoti kikawa kinawaka tu. Mwisho ukaandika neno moja, sawa, ukazima.

Hata kujitetea umeshindwa. Ningekuwa mimi ningetukana.

Bhargav


Imeli kutoka Kariakoo, 3 Desemba 1999

Bhargav,

Imeli yako nimeisoma leo asubuhi. Tangu tarehe kumi na tano Novemba nilikuwa Mbinga, tumemzika babu Isidori. Kijijini kwetu hakuna simu, sembuse mtandao. Nimerudi jana na basi.

Sijawahi kukuandikia kwenye chati hata herufi moja. Hilo ndilo jambo nililokatazwa kulisema. Sasa fikiri mwenyewe ni nani alikuwa amekaa pale.

Alianza kujifunza mwezi wa tisa, kwa kidole kimoja. Kigujarati hakimo kwenye kibodi, na Kiingereza chake ni cha kusoma maandishi ya kwenye maboksi, kwa hiyo kikabaki Kiswahili. Aliniuliza vijana siku hizi wanasalimianaje. Nikamwambia, mambo vipi. Akaifanyia mazoezi kwanza kwa kalamu, kwenye karatasi ya kufungia masufuria, asije akakosea mbele yako. Na gari lake kweli humaliza mzunguko wa tatu. Wa nne lazima alimaliza peke yake wakati mimi sipo, akaona akwambie wewe.

Leo nilipoingia mashine ilikuwa imefunikwa gubigubi. Hakunifokea kwa kuchelewa kurudi. Aliomba kitu kimoja tu, nimwonyeshe namna ya kufuta maneno, kwa kuwa Alpa ameanza kujifunza kompyuta na hataki yeye wala mama yako wayakute. Nilisoma nilichokuwa nafuta. Nimefuta yote, hadi ile sawa yake.

Mama yangu aliwapikieni tangu sijaanza shule. Ulipougua surua ndiye aliyelala sakafuni chumbani kwako. Sijamwambia ulichoandika na sitamwambia.

Funguo nimeziacha kaunta. Mzee hakunifukuza, nimejifukuza mwenyewe. Usije ukadhani nimekuachia kiti kwa sababu nakupenda.

Pius


Kariakoo, 12 Desemba 1999

Bhargav mwanangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Mama yako anashangaa, anasema kwa nini humwandikii mtoto kwa lugha yake. Nataka ujue kwamba yale ya kwenye mashine niliandika mimi. Kiswahili changu ni cha kaunta, kimezoea bei na kupunguziana bei, lakini ni changu.

Gemu ya magari naicheza kweli. Bado naona ni ujinga. Ila ni ujinga mgumu, hilo nilikuwa sijui, na nilitaka kukwambia kwamba sasa najua. Vijana wa hapa wananicheka nikikata kona kwa sababu nainama na mwili. Pius nilimkataza asiseme kwa kuwa niliona haya. Nimemtoa mwanangu nyumbani kwa ajili ya kitu, halafu mimi ndiye ninayekaa nacho kila jioni.

Siku ile uliponijibu nilifurahi kwanza, kabla sijasoma. Niliona tu kwamba maneno yanakuja na yanatoka kwako. Kisha nikasoma. Najua ulidhani unamwambia Pius. Lakini yanayonihusu mimi yalinifikia mimi. Nilikuwa na mengi ya kukujibu. Yote yalinijia kwa Kigujarati, na mashine haina herufi hizo. Ndiyo maana nikaandika sawa. Sikuwa na maana ya sawa.

Sasa habari ya Diwali. Mwana wa nyumba ndiye huandika neno la kwanza. Nilikufundisha mimi, siwezi kusahau. Pius nilimkalisha makusudi. Nilijua mama yako atakwambia kwenye simu, mama yako hawezi kukaa na jambo. Nilijua utaona wivu. Nilisema moyoni, huyu ana kiburi kama changu, kwa mapenzi hataniandikia, basi na aniandikie kwa hasira. Mtu akiona kiti chake kimekaliwa humpigia kelele mwenye nyumba. Nikakaa kungojea hizo kelele. Ukazipiga kweli, ila ukampigia Pius. Hata ugomvi wangu amepewa yeye.

Wewe hujui barua zako zinapitaje. Kina Pius hawana sanduku la posta, kwa hiyo bahasha unaandika sanduku langu. Mimi ndiye ninayekwenda posta na ufunguo. Natoa barua yenye mwandiko wa mwanangu, naipapasa kama ni nene au nyembamba, halafu narudi nayo dukani nampa mtoto wa Hyasinta; ile ya kwanza tu niliituma kwao. Anaisoma mbele yangu na anacheka. Ananisimulia kidogo, ile sehemu ya achari alinisimulia, lakini ya kusimuliwa si sawa na ya kusoma. Wewe umemwonea wivu kwa kijiko cha achari. Mimi nimemwonea kwa barua, miezi yote hii, naye hakuwa amenikosea kitu. Ni aibu kwa mtu wa umri wangu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nimekwenda kwao Msimbazi. Hyasinta akanipa chai. Hajui lolote. Aliniulizia habari zako kwa furaha, kama unakula vizuri, nikaiweka chai chini. Pius akanisindikiza hadi barabarani. Alisema kwa adabu kwamba kwa kuitwa na mimi hatarudi. Atarudi akiitwa na wewe, kwa mkono wako, na katika barua hiyo mama yake umtaje kwa heshima yake. Nimeona ana haki.

Kwa hiyo duka liko mkononi mwako. Kompyuta zimezimwa, madalali wananung'unika mlangoni, vijana wa gemu wamehamia Mtaa wa Congo. Ulitaka uwe na neno hapa. Sasa neno ni lako peke yako, sisi wote tunangoja.

Mwandikie arudi. Lakini na mimi nina ombi, na sijawahi kukuomba kitu maishani. Siku barua yake itakapofika, pembeni yake kuwe na ya kwangu, bahasha mbali, jina langu juu. Hata ikiwa nyembamba. Hata ikiwa ni ya kunigombeza mwanzo hadi mwisho. Nimechoka kubeba za watu.

Baba yako,
Chandu